Wiki Moja kwa Kiwanja cha Buhare

Hapana, sikununua. Najua hamjauliza, lakini mtauliza tu, maana kila binti anayeanza kutandika vitanda vya lodge hapa Musoma ananijia na ile karatasi inayong'aa, yenye picha ya mwavuli na kiti cha kulalia, ananiambia, "Bibi, kazini wameleta hii, ati unanunua wiki." Wiki! Hiyo wiki mimi naijua tangu mama zenu hawajavunja ungo. Ilikuja hapa kwa pikapu nyeupe, imevaa tai, inanukia mafuta ya nywele. Na mume wangu aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, na mimi nilikuwaga mzuri, msinitazame hivi.

Basi kaeni. Wewe wa mlangoni, vua viatu, hapa si sokoni.

Nilitandika vitanda kwenye nyumba ya wageni ya serikali, pale chini karibu na ziwa, miaka mingi mpaka mgongo ukakataa. Shule sikwenda. Baba alisema shule ni ya wavulana, ng'ombe ni wa wasichana, yaani sisi tuolewe yeye apate ng'ombe. Kwa hiyo karatasi sijui kusoma. Lakini kitanda nasoma. Mniingize chumba chochote asubuhi mgeni akishatoka, nitawaambia alilala peke yake au hapana, alikuwa na homa au hapana, na kama alikula samaki kitandani nitawaambia ni sato au ni sangara.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja anaitwa Felista, mkubwa wa vyumba, mnene, anaongea kwa puani kama redio yenye betri inaisha. Siku ya kwanza nimetandika kitanda nikasimama pembeni nangoja sifa. Akaja, akaweka mkono chini ya godoro, akanusa mto, akaniangalia. "Nnnyamisi," akasema, "hapa umefunika kitanda. Hujatandika." Akavuta shuka yote chini. Mara ya pili akavuta. Mara ya tano akavuta. Nikalia. Akasema, "Lia, lakini chozi lisidondoke kwenye foronya, sabuni hakuna."

Na kweli sabuni hakuna. Ninyi mnalalamika mashine ya kufulia ina kelele. Sisi enzi zile za shida, mtu akiwa na kipande cha sabuni anakifunga kwenye pindo la kanga kama dhahabu. Dukani rafu zimebaki na vumbi na yule muuza duka amekunja mikono. Tulikuwaga tunafua shuka kwa majani ya mpapai. Unayaponda, unayasugua, yanatoa povu kidogo, shuka inatoka safi lakini ina rangi kama ya maji ya ziwa. Wageni nao walikujaga na sabuni zao mfukoni, asubuhi wanaondoka nazo zimelowa. Kuna bwana mmoja alisahau yake bafuni, akarudi mbio kutoka stendi ya Bunda. Kutoka Bunda! Kwa kipande kama hiki cha kidole.

Makosa nilifanya, msidhani nilizaliwa bibi. Siku moja tuna sufuria kubwa tunachemsha shuka, mimi nina kanga yangu mpya nyekundu, ile niliyoipigania foleni kutwa nzima mpaka mtu akaning'ata bega. Nikasema moto si huu huu, maji si haya haya, nikaitumbukiza. Mnacheka, mmeshajua. Shuka kumi na mbili zikatoka rangi ya ufizi wa mtoto. Na wiki hiyo anakuja mkubwa wa mkoa na watu wake. Meneja wetu alikuwaga anaongea kama anahutubia uwanja, hata akiomba chumvi. Akatuita, akapanda kwenye ngazi, "Ndugu wafanyakazi! Hali ya nchi ni ngumu! Lakini haijawa ngumu kiasi cha serikali kulala kwenye shuka za bibi harusi!" Mama Felista akajibu kwa pua yake, "Nnndugu Meneja, mwambie ni za kutoka nje." Akamwambia hivyo. Yule mkubwa alilala, asubuhi akauliza kama anaweza kupata jozi moja ya mke wake.

Kiwanja cha Buhare nilikipata enzi hizo hizo. Kulikuwa na mpima ardhi alikaa kwetu vyumbani muda mrefu, mtu wa mashati meupe. Kwa sabuni yake mwenyewe nilimfulia yale mashati mpaka yakawa meupe kuliko alivyokuja nayo. Mwanaume yule alikuwa akivaa anajitazama kwenye kioo anatabasamu peke yake. Walipogawa viwanja kule Buhare akasema, "Huyu mama naye aandikwe." Wakaandika. Lakini waliandika jina la mume wangu, maana ndivyo ilivyokuwaga, mwanamke unafua, mwanaume anaandikwa. Kiwanja kizuri, mwamba mmoja tu pembeni, udongo unaotoa mihogo mpaka unaionea huruma. Nilikuwa nakwenda kila Jumapili nikitoka kanisani, nasimama katikati yake, nasema hapa jiko, hapa chumba cha Nyangeta binti yangu, hapa mimi nitakaa nizeeke niwasumbue watu.

Ndipo mambo yakafunguliwa. Ghafla sabuni imejaa, mitumba imejaa, redio, viatu, kila mtu mfanyabiashara. Nyumba yetu ya wageni wakasema itauzwa, sisi tukapewa barua na mkono wa kwaheri. Na mume wangu, Baba Nyangeta, akawa na yeye ametoka kazini kule Bunda kwenye kiwanda cha pamba. Miaka yote kwenye zile mashine zimemla masikio. Alikuwaga hawezi kuongea, anapiga kelele. Hata akininong'oneza, jirani anaitikia.

Akaingia siku moja kutoka mjini. "MAMA NYANGETA!"

"Nipo hapa, Baba Nyangeta, unanikanyaga."

"TUNAKWENDA LIKIZO!"

Nikamwambia, "Likizo ya nini? Wewe huna kazi na mimi sina kazi. Tupo likizo tangu mwezi wa pili."

Akasema kuna kijana amekuja kutoka Dar, amejenga nyumba ya mapumziko ya vyumba vinane pale ufukweni, ukitoka mjini kama unakwenda Makoko. Anauza wiki. Siyo nyumba, siyo chumba. Wiki. Unalipa mara moja, halafu kila mwaka wiki ile ni yako, chumba kile ni chako, mpaka kufa, na watoto wako mpaka kufa. Na kama huna fedha taslimu, kijana ana roho nzuri, anachukua kiwanja.

Nikaacha kuchekecha unga.

Kesho yake huyo kijana akaja nyumbani mwenyewe. Mzuri, sina ugomvi. Kiswahili chake kama maji ya kwenye glasi, unaona mpaka chini lakini huwezi kukishika. "Shikamoo mama yangu. Mama, sikuja kuuza. Nimekuja kukukumbusha kwamba na wewe ni mtu. Umewatandikia wengine vitanda maisha yako yote. Nani amekutandikia wewe?" Sasa hapo, wajukuu zangu, nisiseme uongo. Maneno yale yaliniingia. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo, hata huyu wa kupiga kelele. Nikajiona nimelala kwenye shuka iliyonyooka, mtu mwingine ananiletea chai. Kwa kitambo kama cha kumenya ndizi moja, nilikuwa nimenunua.

Ndiyo maana nawaambia, mtu akikugusa pale panapouma, usijibu siku hiyo. Mkaribishe uji.

Nikampa uji. Halafu nikaanza kumuuliza kama ninavyokagua chumba, kuanzia mlangoni.

"Wiki yetu ni ipi, mwanangu?"

"Wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mama. Chumba namba nne. Kinatazama ziwa."

"Mwezi wa tatu tunapalilia."

"Ndiyo uzuri wake mama, unapumzika wakati wengine wanachoka."

"Na magugu yatapumzika?"

Akacheka kwa meno. Mume wangu akanikanyaga mguu.

"Shuka anafua nani?"

"Wafanyakazi wetu, mama."

"Wafanyakazi wanalipwa na nani?"

Hapo akanywa uji. Mtu akinywa uji katikati ya swali, jua jibu ni moto kuliko uji. "Kuna kamchango kadogo ka matunzo," akasema. "Kila mwaka. Wenye wiki wote."

"Hata nisipokuja?"

"Hata usipokuja, mama, chumba kinakungoja."

"Na mchango huo unakaa hivyo hivyo?"

"Unakwenda na hali ya maisha."

Mimi hali ya maisha naijua inakwenda wapi. Nikamuuliza la mwisho. "Mwanangu, nikichoka na wiki yangu, nikakuletea, utaninunulia?"

Akafungua mikono. "Mama, sisi ni wauzaji, siyo wanunuzi. Lakini utaweza kumuuzia mtu yeyote duniani."

Nikamwambia mume wangu alipoondoka, "Baba Nyangeta, mtu anayekuuzia samaki halafu anasema yeye samaki huyo hampokei tena hata bure, wewe unamla?"

"HUELEWI MAENDELEO!"

"Ziwa tunaliona kutoka chooni kwetu. Unanunua ziwa?"

"WATU WAKUBWA WANAPUMZIKAGA!"

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye siyo mjinga, msimcheke sana. Miaka yote alimeza vumbi la pamba akiwaona mabwana wanakuja na familia zao wanakaa kwenye nyumba za wageni kama ile yetu, wanavaa kaptula, wanaagiza soda mbili mbili. Alitaka mara moja katika maisha yake avae kaptula. Na karatasi ya kiwanja ina jina lake. Alikuwa ameshawaambia rafiki zake wa Mugango, na watatu wao wameshaahidi kununua na wao. Mwanaume akishawaambia watu wa Mugango, huwezi kumrudisha kwa maneno. Kijana alitualika Jumamosi twende kuona nyumba, tule pilau, tunywe soda, na karatasi za viwanja tuje nazo.

Nilikuwa na siku nne. Nikakaa jikoni nikafikiri kama mtandika vitanda, maana kufikiri kwingine sijui. Nikasema, ngoja nitazame hiki kitanda. Kitanda cha lodge na kitanda cha wiki vina tofauti gani? Ndipo nikamkumbuka mzee wa ng'ombe wa Butiama.

Huyo lilikuwa kosa langu kubwa, kubwa kuliko la kanga. Nilikuwa bado mgeni kazini. Bwana mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kule Butiama alilala kwetu chumba namba sita. Asubuhi nampelekea chai, nataka kumfurahisha, nikamwambia, "Mzee, chumba kile kina bahati ya watu wa kwenu, juzi alilala humo mama mmoja wa Butiama alikuja hospitali." Nikamtaja. Yule mzee akaweka kikombe chini. Taratibu sana. Akauliza, "Kitanda kipi?" Nikasema, "Si kimoja tu." Akasimama, akatoka bila kofia, bila fimbo, ng'ombe wake wako mnadani. Yule mama alikuwa mama mkwe wake.

Ninyi mmezaliwa na simu mkononi, labda hamjui. Kwetu mwanaume hakai alipokaa mama mkwe wake, hali naye sahani moja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Sasa kitanda! Kulala kwenye kitanda alicholala mama aliyemzaa mkeo? Hilo lina mbuzi wake wa kutakasa, lina wazee wake wa kuitwa, lina aibu ambayo watoto wanaikuta. Mama Felista aliniita stoo. Nikajua leo nimefukuzwa. Akasema, "Nnnyamisi, mgeni analipia vitu viwili. Kitanda, na kutojua. Asipojua nani kalala, hana kosa. Wewe umemwibia cha pili." Tangu siku hiyo nilikaa na majina yote kichwani, nani alilala wapi, na mdomo nikaufunga kwa ufunguo. Nilikuwaga naona mtu anaingia na mfuko, nasema moyoni, huyu namba mbili hapana, namba saba. Hata Meneja hakujua kwa nini wageni wetu wa Mara wanarudi na wa nyumba nyingine hawarudi.

Sasa nimekaa na ungo wangu jikoni, nikaona. Lodge unalala na kutojua kwako. Wiki je? Wiki ina daftari. Kila kitanda kina majina yake, wiki ya kwanza fulani, wiki ya pili fulani, mwaka hadi mwaka mpaka kufa. Na wanunuzi ni nani? Watu wa Mugango na wa mjini hapa na wa Bunda, ambao wameoana mpaka huwezi kurusha jiwe bila kumpiga shemeji. Yule kijana wa Dar alikuwa amejenga nyumba ya vitanda vinane vyenye majina, kwenye nchi ambayo jina ndilo linalokukataza kulala.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Lakini kumwambia Baba Nyangeta haitoshi. Angesema, "TUTABADILISHANA CHUMBA!" Lazima aone. Nikatuma ujumbe kwa mtu wa basi kwenda Nyamuswa kwa mama yangu, aje Ijumaa, ana mwaliko wa soda.

Mama alikuja. Mzee, mwembamba kama mwiko, macho kama kuku anayetafuta funza. Kwetu hakulala, si mnajua ni nyumba ya mkwe wake, alifikia kwa jirani. Nikamweleza yote. Akasikiliza anatafuna ubuyu. Mama Kiswahili alikijulia ukubwani, akisema "lala" inatoka "rara".

"Kwa hiyo kazi yangu ni nini?" akasema.

"Kulala tu, mama."

"Kurara mchana?"

"Dakika chache."

"Na kiwanja ni kire cha Buhare, urichoniambia nitajengewa kibanda changu mwenyewe?"

"Ni kile kile."

Akatema mbegu. "Basi nitarara. Na nitakoroma."

Jumamosi pikapu ikatuchukua. Mama nikamweka mbele na dereva, kajifunika kanga mpaka puani, Baba Nyangeta nyuma kabisa kageukia barabara, karatasi ya kiwanja iko kwenye mfuko wa shati na shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliniuliza kwa kelele ya chinichini, "HUYU KAFUATA NINI?" Nikamwambia, "Kijana alisema tuje na familia."

Nyumba ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Rangi mpya. Pilau lina nyama, siyo harufu ya nyama. Wale wazee watatu wa Mugango wamefika na wake zao, wamevaa makoti ya harusi kwenye lile jua. Mkubwa wao alikuwa Mzee Chirangi, mwenye mtumbwi wenye injini, mtu wa kujisikia. Kijana anatembea mbele kama padri, anafungua milango. "Namba moja. Namba mbili. Jisikieni nyumbani."

Mimi naingia nyuma, naweka mkono chini ya godoro. Sponji nyembamba, ukibonyeza unakutana na mbao. Shuka mbili kila kitanda. Kitanda kinataka tatu, moja imelaliwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini, hilo ninyi mabinti mlishike mpaka kufa. Madirisha ya upande wa ziwa hayana wavu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wakija siku moja tu, hicho chumba utakipakua kwa sepetu. Siku hiyo sikwenda kukagua godoro.

Tukafika namba nne. Baba Nyangeta amebaki nje kidogo kwa heshima, maana mama yuko ndani. Mama akashika ukuta. Akafunga macho. Wajukuu, mimi naigiza watu wote, lakini yule mwanamke ndiye alinizaa.

"Mwanangu," anamwambia kijana, sauti inatetemeka, "basi ra Nyamuswa rimenivunja. Nahisi kizunguzungu."

Na kijana, maskini, roho yake nzuri! "Bibi yangu! Jinyooshe hapa! Hiki ndicho kitanda chenu!" Akamshika mkono, akamvua kandambili kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea mto. "Kijaribu bibi, usikie kilivyo laini."

Mama akalala. Akajinyoosha mpaka vidole vya miguu vikagusa mbao. Akageuka upande huu, akageuka upande ule, asiache kona. Kisha akakoroma kama alivyoahidi.

Kijana akatoka nje anang'aa. "Mzee, mama mkwe wako amekipenda chumba chako! Amelala fofofo! Twende tusaini."

Sijawahi kumwona mume wangu kimya. Siku hiyo nilimwona. Alisogea mpaka kwenye kizingiti, hakuvuka, akachungulia kwa jicho moja, akaona ile miguu miembamba juu ya shuka. Akarudi nyuma hatua tatu. Mkono ukaenda kwenye mfuko wa shati, ukaufunika.

"Kuna nini?" kijana anauliza. Anatutazama mmoja mmoja.

Mzee Chirangi akamweleza, kwa ukali kidogo, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza. Kijana akasikiliza, akapumua. "Aaah! Ni hilo tu? Wazee wangu, hilo dogo. Tunampa mzee namba tano."

Hapo na mimi nikafungua mdomo, mara ya kwanza tangu pilau. Nikasema kwa upole, kama Mama Felista lakini bila pua, "Mwanangu, hiyo namba tano, wiki nyingine ni za nani?"

Na yeye alikuwa na fahari na daftari lake. Akalifungua palepale, akaanza kusoma kwa sauti yake ya maji ya glasi. Namba tano, wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, familia ya bwana fulani wa Bunda. Mume wangu akatikisa kichwa, mke wa huyo ni dada wa mama yangu, naye ni mkwe vile vile. Namba sita, familia fulani. Mmoja wa wale wa Mugango akaruka, "Huyo mama ndiye kamzaa mke wangu!" Namba tatu, ambayo Mzee Chirangi mwenyewe ameahidi kuinunua. "Soma wiki inayotangulia yangu," akasema. Kijana akasoma. Mke wa Chirangi akapiga yowe, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Maana mwenye wiki ile ni mume wa binti yake. Mwaka hadi mwaka, Chirangi na mkewe wangelala kwenye joto la mkwe wao, naye kwenye la kwao.

Pakawa kama sokoni. Kila mtu anauliza nani kanunua wapi, nani kaoa kwa nani, akina mama wanahesabu koo kwa vidole, wazee wanavua makoti. Wa Mugango mmoja akakunja karatasi yake ya kiwanja akaisukuma ndani ya soksi. Kijana anakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, tai imehamia begani. Ndani namba nne mama bado anakoroma, sasa kwa furaha.

"Wazee wangu, wazazi wangu, tusikilizane!" Alikuja kusimama mbele ya mume wangu, maana mume wangu ndiye aliyewaleta wale wa Mugango. Jasho linamtiririka. "Mzee, mimi nakuheshimu. Nitabadilisha shuka. Nitabadilisha mto. Nitatoa godoro hili, nitaleta jipya kutoka Mwanza. Kitanda chenyewe nitakichoma moto mbele ya macho yako, nitaweka kingine. Kila kitu humu ndani nitabadilisha, mzee. Umebaki na tatizo gani?"

Baba Nyangeta akamtazama yule kijana kwa huruma, halafu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye kiwanda cha pamba alisema kwa sauti ya chini:

"Badilisha, baba. Na mama mkwe wangu utambadilisha na nini?"